Msiliuze Dembo

Watu wa Kolwezi, nisikilizeni! Ninyi wa Kasulo mliochimba madini hadi chini ya nyumba zenu, ninyi wa Luilu na Musonoi, ninyi wenye kofia za kampuni na ninyi msio na hata viatu: dembo, lile bonde la majimaji na matete lililo nyuma ya mtaa wenu, si kiwanja kinachongoja mnunuzi. Ni figo ya mji huu.

Nendeni mkang'oe tete moja. Tazameni mzizi: umevaa kutu rangi ya matofali. Hicho ni chuma kilichonaswa kisiende mtoni. Chini zaidi, katika tope jeusi linalonuka kama yai viza, vijidudu vinazifunga shaba na kobalti ndani ya matope, usiku na mchana, bila mshahara. Maji yakija mbio, matete na mafunjo huyatuliza, udongo unatua, samaki wanapata pa kutagia. Likaushe dembo, lifukue, na sumu iliyofungwa miaka mingi itafunguka na kushuka mtoni.

Someni Kutoka, sura ya 7. Maji ya Mto Nile yalipoharibika, samaki walikufa, na Wamisri wakachimba kandokando ya mto kutafuta ya kunywa. Akina mama wa Musonoi, visima vya namna hiyo hamvijui? Lakini Misri mkono ulikuwa wa Mungu. Hapa mkono ni wetu! Mabaki ya viwanda yalimwagwa Kingamyambo na katika bonde la Musonoi, yakiwa bado na shaba na kobalti tele, hata ukabuniwa mradi mzima wa kuyachakata upya. Hesabu ya madini ilipigwa vizuri sana. Ya samaki nani aliipiga?

Na asiwadanganye mtu kwamba dembo litameza kila kitu. Tarehe 18 Februari 2025, kule Chambishi, Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ulibomoka. Asidi ikaingia mto Mwambashi, ikafika Kafue. Samaki wakaelea wamekufa. Kitwe mabomba yakafungwa.

Mtasema kwamba maji kusafishwa na chaza na vinamasi ni habari za watu wa pwani. La! Bonde la Kongo lina chaza wake wa maji baridi, Etheria, anayejigandisha kwenye miamba ya maporomoko, mmoja juu ya mwenzake, wakichuja maji yanayowapitia. Tope likizidi, wanazibwa. Kule Chesapeake, Marekani, walikomba chaza bila huruma tangu karne ya 19. Leo wanatumia fedha nyingi kurudisha magamba majini ili chaza wachanga wapate pa kushika.

Maji yetu hayaishii bwawa la Nzilo. Yanashuka Bukama, yanaingia maziwa ya Kisale na Upemba, ambako watu wamevua kwa zaidi ya miaka 1,000. Makaburi ya kale ya Sanga, huko huko, yanawashuhudia: walikuwa na shaba, na samaki pia. Vyote viwili!

Basi siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, msichome matete. Chifu, usitie sahihi karatasi ya kugawa dembo. Nanyi wa kamati za ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo Sheria ya Madini ya 2018 imewatengea wananchi: kabla ya kufungua jengo jingine na kukata utepe, iulizeni kampuni bomba lake la mabaki linaishia wapi. Jibu lisomwe mbele ya watu wote, kwa sauti, na mvuvi awepo.