Chombo Kikizama, Aliyekizamisha ni Nani?

Kila chombo kinapozama na roho za watu zikapotea, husikilizana maneno mawili katika mitaa yetu. Mmoja husema, "Ni kadari ya Mungu." Mwingine husema, "Ni kosa la nahodha." Kisha wote wawili huenda zao wakiwa wametua nyoyo. Sisi twaona kuwa maneno haya, ijapokuwa la kwanza ni la mcha Mungu na la pili ni la mwenye hasira, kazi yao ni moja: kuufunga mlango wa kuuliza.

Ama kadari, twaiamini, wala haimwondolei mtu dhamana. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambao vitabu vyao vimesomeshwa katika misikiti ya pwani hii tangu zamani, walipozungumzia vyombo viwili vigonganavyo walipambanua. Upepo ukiwashinda mabaharia hali hawakupuuza jambo, hawadaiwi. Lakini wakisafiri katika upepo mkali ambao vyombo mfano wa chao havisafiri, au wakitoka na watu wachache na zana pungufu, basi wametaksiri, nao watalipa. Tazama, ewe msomaji: kosa hapa halikuanza pale vyombo vilipogongana. Lilianza bandarini, kabla ya nanga kung'olewa.

Wataalamu wa bahari wa leo hulitaja sana jambo la binadamu katika usalama wa safari. Nasi twauliza: binadamu yupi? Wengi humdhania yule aliyeshika usukani tu.

Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Kiingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji na milango yake ya omo iko wazi. Maji yakaingia, ikalala ubavu, wakafa watu 193. Baharia aliyepasiwa kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Lau uchunguzi ungalikoma hapo, kila mtu angalirudi kwake na mkosaji wake mkononi. Lakini haukukoma. Ilidhihirika kuwa nahodha hakuwa na njia ya kujua, kule juu alikosimama, kama milango imefungwa. Na manahodha wa kampuni walikwisha kuomba iwekwe taa ya kuwajulisha, wakubwa wakaidharau haja yao. Jaji Sheen aliona kuwa uzembe umeenea kampuni nzima, toka juu hata chini. Basi aliyelala ni mmoja, na walioghafilika ni wengi, na baadhi yao hawakuwa hata baharini.

Kwa hiyo kanuni za kimataifa zilizopitishwa mwaka 1993, zikawa sharti kwa meli za abiria tangu 1998, humtaka mwenye meli ateue mtu wa nchi kavu awezaye kumfikia mkuu wa kampuni bila kizuizi. Kanuni hii twaipenda, kwa kuwa imeona kuwa khatari kubwa ni neno la kweli lisilofika kwa mwenye amri.

Na sisi abiria je? Mombasa haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi ikiwa na watu zaidi ya 400, wakafa 272. Twawaombea rehema, wala hatuwalaumu. Mtu mwenye kuwahi kazi, na chombo ni hicho hicho, atafanya nini? Jukumu la kuhesabu watu na kuzuia ni la mwenye chombo na mwenye amri. Lakini tuliobaki tuna letu. Tumeyasikia matusi anayotupiwa mfanyakazi wa gatini anapofunga njia na kusema, "Kimejaa, ngojeni." Abiria hawezi kuona ubovu ulio chini ya sakafu, msongamano auona kwa macho yake. Dhamana yake ni ndogo kuliko ya nahodha, na ya nahodha mara nyingine ni ndogo kuliko ya tajiri wake aliyelala Mombasa mjini, lakini hatujui hoja ya kuifanya si kitu kabisa.