Haki ya Asiyezaliwa

Katika Lamu ya zamani, mtu mwenye uwezo aliyejaliwa binti alianza mapema kuwaza nyumba. Binti hakupelekwa mbali. Nyumba yake iliongezwa ghorofani juu ya ile ya wazazi, au ilijengwa ng'ambo ya kichochoro na kuunganishwa kwa wikio, chumba kinachokatiza juu ya vichwa vya wapita njia. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, na upana wa chumba ukaamuliwa na urefu wa boriti. Hivyo mji ulikua kwa kipimo cha mti, harusi moja baada ya nyingine, hata UNESCO ilipouingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Machi 2012 kilikuja kipimo kingine. Viongozi watatu, Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi, walikutana Lamu kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari, barabara, reli na mabomba ya mafuta wa kuziunganisha nchi zao, Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia. Bandari ilipangiwa magati 32. Ramani kubwa namna hiyo huzua swali ambalo wahandisi hawakuajiriwa kulijibu: walio hai wana haki gani ya kuwaamulia watu ambao bado hawajazaliwa?

Swali hilo lina umri mrefu kuliko bandari. Waislamu walipoiteka Iraki katika karne ya saba, wapiganaji walidai mashamba yenye rutuba ya Sawad wagawiwe wao. Hawakuwa wezi, kugawana ngawira ilikuwa desturi, nao walikuwa wamemwaga damu. Khalifa Umar alikataa. Ardhi ikigawanywa leo, alihoji, wajao watakuta nini? Akajengea hoja aya za Sura ya Al-Hashr zinazowataja wale watakaokuja baadaye, akawaachia wakulima mashamba yao walipe kodi katika hazina ya umma. Uzito wa kisa hiki uko hapo hasa: Umar hakuwanyima watu wenye tamaa, aliwanyima watu wenye hoja nzuri, kwa ajili ya watu wasio na mdomo wa kudai.

Umar huyohuyo ndiye anayetajwa katika asili ya wakfu. Alipopata shamba Khaybar, Mtume alimshauri alizuie shamba lenyewe na kutoa mazao yake sadaka. Tangu hapo fikra ni ile ile: mali haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, kinachotumika ni tunda. Pwani ya Afrika Mashariki inaijua vizuri. Misikiti, visima, minazi na nyumba za kupangisha zimewekwa wakfu kwa vizazi.

Lakini wakfu nao una kasoro, na anayeusifu bila kuitaja anadanganya. Marehemu huweka sharti, na miaka mia baadaye sharti linaendelea kuwafunga walio hai. Nyumba inayooza haiwezi kuuzwa, na kodi yake haitoshi hata kuipaka chokaa. Madhehebu ya Hanafi yameacha nafasi pana kiasi ya kuibadilisha mali iliyochakaa kwa nyingine yenye faida. Ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, ni magumu zaidi. Kwa hiyo si kila kinachofanywa kwa jina la wajao huwafaa wajao. Babu anaweza kumdhulumu mjukuu kwa kumpenda.

Mwenye kuitetea bandari ana haki ya kuingia hapo. Kijana wa Lamu aliyemaliza shule akakosa kazi naye ni kizazi kijacho, tena kimeshafika. Kumwambia asubiri ili mji ubaki mzuri machoni mwa watalii ni kumfanya yeye mali ya wakfu.

Basi mpaka uko wapi? Pengine si kati ya kujenga na kutojenga, bali kati ya kula tunda na kukata mti. Kaunti nyingine za pwani ya Kenya zina mikoko pia, lakini zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi iko Lamu, na humo samaki wa bahari huzaliana. Vilima vya mchanga vya Shela hunywa mvua na kutunza maji matamu ya mji. Barabara mbaya hutengenezwa upya, na ofisi isiyotumika hugeuzwa ghala. Mkondo ukishachimbwa baharini na matumbawe yakafukiwa, hakuna bunge litakalotunga sheria ya kuyarudisha.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 42, imeshatamka kwamba mazingira yahifadhiwe kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo. Maneno hayo yalipata meno kidogo. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Fidia, hata hivyo, humlipa aliyepo. Mvuvi akipokea fedha zake amelipwa kwa nyavu zake, ila mwanawe, ambaye angerithi mlango uleule wa bahari, hakuwa na jina katika orodha. Umar angeiuliza mahakama kuhusu huyo.

Gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, likafuatiwa na mengine mawili. Mengine yote bado ni mistari kwenye karatasi.