Karani Aliyepewa Barua: Je, Afiche Ayajuayo?

Tumeulizwa na mmoja katika ndugu zetu, mtu wa Pwani aliyehamia Nairobi tangu ujanani mwake, swali ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Kwa hivyo tumependa kulijibu hapa ili na walioko Mombasa, Malindi na Lamu walisome. Ndugu huyu ni karani wa mafaili katika nyumba moja ya matibabu huko Parklands. Umri wake ni miaka 53, na katika hiyo miaka 26 ameimaliza ndani ya ofisi hiyo moja. Sasa amepewa barua ya kuwa kazi yake itaondolewa, kwani mafaili yote yanatiwa katika kompyuta. Na katika mwezi mmoja uliobaki ametakiwa akae na vijana wawili wanaoyahamisha, awaeleze kila wasichokifahamu. Yeye auliza: Je, ni halali kwangu kuyazuia niyajuayo mpaka wanipe ahadi ya kunibakisha? Na je, mtu wa umri wangu yampasa kwenda kukaa darasani pamoja na watoto, akajifunze kitu kile kile kilichomtoa?

Parklands, kwa wasiopajua, ni mtaa wa Nairobi, ukipita ile barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road na leo ina jina la Profesa Wangari Maathai. Hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa hapo mwaka 1958, na leo mtaa umejaa madaktari, maabara na maduka ya dawa. Wengi katika watu wetu wamefika huko wakimfuata mgonjwa, hata kama jina la mtaa hawakulishika.

Haifai kulitolea jambo hukumu kabla ya kulifahamu, nasi twaona wengi wazungumzao juu ya mashine hizi, wenye kuzisifu na wenye kuzilaani, hawajauliza zafanya nini. Kitu anachotakiwa ndugu yetu akijue ni daftari la ndani ya kompyuta, ambalo wataalamu wa lugha yetu wameliita hifadhidata. Mwaka 1970 Mwingereza mmoja, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa maandishi akieleza ya kwamba khabari zote zaweza kupangwa katika majedwali. Kila mstari wa jedwali ni kitu kimoja, kama mgonjwa mmoja. Kila safu ni sifa moja, kama jina lake au mwaka wa kuzaliwa kwake. Na kila mstari una ufunguo wake usioshirikiwa na mwingine. Tena kila khabari huandikwa mahali pamoja tu, na kwengineko huelekezwa kwa ule ufunguo. Mwaka 1974 wenziwe wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaitolea lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo yaitwa SQL. Maneno yake makubwa si mengi: chagua kitu fulani, kutoka jedwali fulani, pale ambapo sharti fulani limetimia. Mtu aliyekaa chuoni akaisoma Ajurumiya, akajua kila neno lina hali gani na kwa sababu gani, amekwisha kupita kwenye mlango mwembamba kuliko huo.

Lakini iko khabari moja ambayo jedwali halina njia ya kuijua lenyewe. Watu wetu huwaita wajukuu kwa majina ya mababu, na makarani wakaandika kila mmoja kwa sikio lake. Fatma Ali wa faili hili na Fatuma Ally wa faili lile huenda ni mwanamke mmoja. Na Ali Said watatu wa mwaka mmoja huenda ni watu watatu mbalimbali. Mashine huona herufi tu. Ajuaye kwamba huyu ndiye yule ni karani aliyempokea mlangoni miaka ishirini, akamjua mumewe na mtaa wake. Na katika faili moja kati ya hayo mawili yamkini pameandikwa kuwa sindano ya penisilini humdhuru, na katika la pili halikuandikwa neno.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Khabari iliyomo katika mafaili yale si mali ya karani, na kwa hakika si mali ya mwenye ofisi pekee. Mwenye nayo ni yule mama ambaye kesho atachomwa sindano. Akiificha ili amkomoe tajiri wake, dhara haitamfika tajiri. Itamfika mtu ambaye hakumwandikia barua wala hakumnyima kitu. Kwa hiyo twasema wazi: kuficha hakufai, na ahadi ya kubakishwa kazini si bei ya kuuzia amana ya watu wengine. Wala asichukue nakala ya mafaili kwenda nayo nyumbani akidhani ni silaha. Licha ya kuwa ni khiyana, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yazilinda khabari za afya ya mtu kwa ulinzi mkali zaidi.

Jambo hili si geni. Al-Baladhuri asimulia katika Futuh al-Buldan khabari ya madaftari ya kodi ya Iraq, yaliyokuwa yakiandikwa kwa Kiajemi hata baada ya Waarabu kuitawala nchi, mpaka katika miaka ya mwisho ya karne ya saba, zama za Abdul-Malik bin Marwan, yakageuzwa kuwa ya Kiarabu. Aliyeyageuza ni Salih bin Abdul-Rahman, mwanafunzi wa makarani hao hao wa Kiajemi. Mmoja wao akamjaribu kwa kumuuliza atayaandikaje mafungu ya kumi na nusu ya kumi, naye akampa maneno ya Kiarabu papo hapo. Walipoona aweza, walimtolea dirhamu 100,000 ajifanye ameshindwa, naye akakataa. Na huko Sham makarani wa Kirumi waliambiwa na mkubwa wao watafute riziki kwengine. Sisi twapenda kumsifu Salih, na anastahiki. Ila twaona wasomaji wa kisa hiki huwapita upesi mno wale makarani wa Kiajemi, kana kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye watoto, waliolishika daftari la nchi vizazi na vizazi, na siku moja elimu yao ikawa haina mnunuzi. Nasi Waswahili twapaswa kulijua hilo kuliko wengine, kwani wazee wetu waliokuwa wakiandika hati na hesabu kwa herufi za Kiarabu walijikuta mbele ya serikali ya Kiingereza wakihesabiwa kama wasiojua kusoma.

Basi na amana isiwe kisingizio cha kumla mtu. Kueleza yaliyomo katika faili ni wajibu. Lakini kukaa na vijana mpaka usiku, kuwafundisha, kulinganisha majina maelfu na maelfu, hiyo ni kazi nyingine isiyokuwamo katika mapatano yake ya kwanza, na mwenye kufanya kazi ana haki ya kuitaka ujira wake. Ndugu yetu na amwambie tajiri wake kwa adabu na kwa maandishi: kazi ya kusafisha majina haiishi kwa mwezi mmoja, nami ndiye niiwezaye, niandikieni mapatano ya miezi sita. Hiyo ni biashara ya halali. Tofauti yake na kule kuficha ni kwamba hapa auza jasho lake, na kule angeuza usalama wa mgonjwa.

Ama tajiri naye, yako yampasayo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamlazimisha kutoa khabari mwezi mmoja mbele, kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa kazi. Na katika kuchagua wa kuondoka atazame urefu wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Kisha alipe siku za likizo zilizosalia, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwa ndugu yetu, miaka 26 ni siku 390, yaani mishahara ya miezi 13 tukiuhesabu mwezi kuwa siku 30. Hicho ni kima cha chini, na sheria haikumkataza mtu kuzidisha.

Lakini tulitazame lile neno ujuzi. Ndugu yetu asema ofisi ilipoleta mashine, vijana walipelekwa kufundishwa, naye akaachwa na makabati. Sisi tumesikia upande mmoja tu, na kadhi hahukumu kwa upande mmoja. Kwa hiyo twasema: ikiwa ndivyo, basi kumhesabia ukosefu wa ujuzi ni dhulma, hata kama kila shilingi ya sheria imelipwa. Hukumnyima mtu ndoo kisha ukamlaumu kwa kutochota maji? Ama ikiwa aliitwa akakataa, kama walivyokataa baadhi ya wazee tuwajuao wakajificha nyuma ya mvi zao, hapo lawama yabadilika mwenyewe.

Limebaki darasa. Aibu anayoiogopa, ya mtu mzima kufundishwa na kijana, hatuioni kuwa aibu. Tulilo nalo la kumtahadharisha ni jingine. Wako wanaouza masomo haya kwa ahadi ya kuwa mwenye cheti hakosi kazi, na ahadi hiyo hawana uwezo wa kuitimiza. Mtu wa miaka 53 anayeijua SQL bado ni mtu wa miaka 53 machoni pa mwenye kuajiri. Na ajifunze, kwa sababu ayajuayo juu ya majina na watu yatakuwa na nguvu mara mbili akiweza kuyatia mwenyewe katika jedwali. Lakini asijifunze kwa kudhani amenunua mshahara.

Ameuliza mwishoni kama fedha ya kuondokea aitie katika masomo ya miezi sita au afungue duka Mombasa. Hilo la duka hatuna elimu nalo. Ama masomo, programu za hifadhidata kama PostgreSQL, MySQL na SQLite hutolewa bila ya bei, na kompyuta moja ya kuazima yatosha kuanzia. Na aanze mwezi huu huu, angali na wale vijana wawili. Wao wamuulize majina, naye awaulize majedwali. Ile fedha ya miezi 13 asiiguse kwa ajili ya cheti mpaka ada ya shule ya wanawe iwe imekwisha kutengwa.