Mbwa na Bakora

Msomaji wetu mmoja ana shamba la minazi huko Kikambala, na humo amefuga mbwa wa ulinzi, kwani wezi wa mbuzi hawamwachi kulala. Ametuandikia kwamba mtumishi wake humpiga mbwa huyo kwa bakora kila anapokosea. Sahibu yake mmoja amemshauri amfunze kwa kipande cha nyama na sauti ya upole. Majirani waliposikia wakacheka, wakanena kwamba kumbembeleza mbwa ni ada ya Wazungu, na kwamba mnyama aliye najisi hana haki juu ya Muislamu. Yeye atuuliza lililo sawa.

Twasema, na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu: majirani wamechanganya mambo mawili. Unajisi ni hukumu ya tohara, na mahali pake ni katika mlango wa maji, vyombo na nguo. Sisi tulio katika madhehebu ya Imam Shafii twashika kwamba mate ya mbwa na kila umajimaji wake ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Imam Malik yeye amemwona mbwa kuwa ni tohara. Wamekhitalifiana katika hilo, lakini hakuna kati yao aliyesema kwamba kwa kuwa mate yake ni najisi, basi mgongo wake ni halali kwa bakora. Damu yetu wenyewe ikitutoka ni najisi, na hatujaona mtu aliyejichukia kwa sababu hiyo.

Ama kufuga, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kuweka mbwa pasipo haja, akavua mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277, ameliona kuwa ndilo sahihi kwamba mbwa wa kulinda nyumba naye huingia humo kwa kiasi, na kwamba yajuzu kumlea mtoto wa mbwa ili afunzwe kazi hizo. Basi kumfunza mbwa si jambo lililoletwa na meli juzi. Na kabla ya maulamaa wote, aya ya nne ya Suratul Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, ikayanasibisha mafunzo hayo na elimu ambayo Mwenyezi Mungu amewafundisha wanadamu. Wanazuoni wetu wakaweka masharti ya mbwa kuitwa aliyefunzwa: atumwapo aende, azuiwapo asimame, na akamatapo windo asile, na hayo yakariri hata dhana iwe na nguvu kwamba amefahamu. Mbwa jahili, windo lake likifa kinywani mwake ni mzoga. Tazama jinsi elimu ilivyompandisha daraja hata huyu.

Kuhusu haki, Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alipotaja haki za wanyama juu ya mwanadamu alisema kwamba mnyama alishwe hata akizeeka au akaugua asiwe na manufaa tena, na asitwikwe asiloliweza. Na nani kati yetu asiyejua khabari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake? Twaisikia msikitini, tukatoka nje tukawaona wana wetu wakimpiga mbwa koko kwa mawe, tukapita.

Tutazame sasa maana ya adhabu yenyewe. Mwanadamu huadhibiwa kwa sababu aliamrishwa akafahamu, kisha akakhalifu kwa hiari yake. Pasipo ufahamu hapana taklifu, na kwa ajili hiyo mwendawazimu haandikiwi dhambi. Basi mbwa huadhibiwa kwa kosa gani? Aliyekamata kuku hajui neno wizi. Ajua njaa na harufu. Anayempiga kwa ghadhabu hamwadhibu, bali autuliza moyo wake mwenyewe juu ya kiumbe kisichoweza kumshitaki kwa kadhi yeyote wa duniani.

Huenda mtu akasema: hatumpigi kwa kulipiza, twampiga ili ajifunze. Vema, na tutazame ajifunzalo. Mbwa ametoroka, ameitwa, amerudi, akapigwa kwa kutoroka kwake. Kitendo kilicho karibu na maumivu si kutoroka, ni kurudi. Basi amefunzwa kwamba kurudi kwaleta maumivu, na siku ya pili hatarudi. Mwengine amenguruma mgeni alipomkaribia mno, akapigwa. Kunguruma ndiko kuonya kwake. Akipigwa huacha kuonya, kisha siku moja huuma bila ya kuonya, na watu husema mbwa ameingiwa na wazimu.

Majirani wameita upole ada ya Wazungu, na tarikhi hairuhusu kusema hivyo. Afisa wa Kijerumani, Konrad Most, aliandika mwaka 1910 kitabu cha kufunza mbwa ambacho kilitegemea sana nguvu na kuumiza, na njia kama hiyo ilifuatwa miaka mingi huko Ulaya. Kweli, Edward Thorndike wa Marekani alikwisha andika mwaka 1898, baada ya kufungia paka ndani ya masanduku na kutazama wanavyojitoa, kwamba kitendo kinachofuatwa na la kufurahisha hurudiwa. Lakini watu wa fimbo hawakumsikiliza upesi. Na Morogoro, jirani zetu Tanzania, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini: panya akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, akatunukiwa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020. Hakupigwa fimbo. Na panya nasi twajuana naye vyema, wala si kwa mapenzi.

Limebaki neno la rushwa, kwani katika barua imetajwa kwamba jirani mmoja ameiita nyama hiyo rushwa. Rushwa ni mali apewayo mtu ili aiache haki iliyomlazimu au aibatilishe haki ya mwenziwe. Mbwa hana wadhifa aliouapia. Nyama ile kwake ni ujira, tena ni khabari: yamwambia kwamba hilo alilolitenda sasa hivi ndilo tulilolitaka. Na akisema mtu kwamba Qur'ani ina tarhibi pamoja na targhibi, twajibu kwamba onyo ni la mwenye kufahamu onyo. Bakora humfikia mbwa baada ya kitendo, wala haikutanguliwa na neno aliloelewa.

Hatusemi aachwe afanye atakavyo. Akiwinda kuku, kuku watiwe bandani au yeye afungwe kamba ndefu penye kivuli na maji, hata afunzwe. Ndugu yetu achague neno moja la kumwita, na watu wote shambani watumie hilo hilo. Aanze akiwa karibu, hatua mbili tatu. Mbwa akija, atupiwe papo hapo kipande kidogo cha utumbo au pafu, kadiri ya kunde tatu, kwani akicheleweshwa hatajua alilipwa kwa lipi. Kidogo kidogo aitwe kwa mbali, na akishazoea apewe mara moja moja, si kila mara. Nyama itupwe chini au itiwe katika chombo chake maalumu kisichotumiwa na watu. Mkono mkavu na manyoya makavu havinajisishani, lakini mate hunajisi, na kwa kutupa hapana haja ya kuoshana mara saba kila jioni. Na nyama hiyo ainunue mwenye shamba mwenyewe, isikatwe katika posho ya mtumishi, ambaye naye akilala na njaa huku mbwa akilishwa, tusimuulize kwa nini ameichukua tena bakora.