Kuingia Si Kufaa

Ponti ya nyuma ya Hiace yetu ilikatika asubuhi ya mvua, kilomita chache kabla ya kufika Bugarama, gari likiwa limejaa abiria na magunia ya unga juu ya paa. Ilikuwa imelia wiki tatu nzima. Dereva alisema ni tairi, nami nilitaka kuamini ni tairi, maana tairi lina bei inayovumilika. Siku hiyo tulisikia mlio kama wa mawe yanayosagwa, kisha injini ikawa inanguruma na gari limesimama palepale. Abiria walishuka wakarudishiwa nauli, sisi tukavutwa kurudi Bujumbura.

Kuharibika si habari. Gari lolote linalopanda Barabara ya Taifa namba 1 kila siku litaharibika siku moja. Ninachotaka kusimulia ni matengenezo, kwa sababu ponti iliyokatika haikumtisha mtu. Ile mpya ndiyo nusura ituue.

Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura, husema ponti, neno la Kifaransa. Madereva wa malori yanayotoka Dar es Salaam husema difu. Kazi ni ileile: propela inaleta mzunguko kutoka kwenye gia boksi, ndani kuna gia ndogo iitwayo pinioni, nayo inazungusha gia kubwa iitwayo kraun, kraun inazungusha magurudumu. Kraun ikiwa na meno 39 na pinioni meno 8, propela inazunguka mara 4.875 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari linakuwa na nguvu na linapungua mbio. Namba ikiwa ndogo, linakimbia na linapungua nguvu. Hakuna kraun inayotoa vyote viwili.

Tulikwenda Buyenzi, kwa sababu ndiko kila mtu wa Bujumbura anakokwenda akitafuta spea. Ni mtaa wa Waswahili tangu mji huu ukiitwa Usumbura, na hadi leo ukipita kwenye zile barabara zake zenye namba utasikia nyundo na Kiswahili kuanzia alfajiri. Muuzaji mmoja alikuwa na ponti nzima, kutoka habu hadi habu, iliyotolewa kwenye Hiace ya petroli. Yetu ni ya dizeli. Tulipima upana kwa kamba, ukalingana. Matundu ya bolti za magurudumu yalilingana. Sehemu ya kukalia springi ililingana. Muuzaji akasema, "Kaka, hii inaingia bila kukata kitu, na tena itakupunguzia mafuta."

Hapo kwenye mafuta ndipo aliponishika. Aliyewahi kulala kwenye foleni ya kituo cha mafuta katika nchi hii atanielewa. Na muuzaji hakudanganya: ponti yenye namba ndogo huifanya injini izunguke polepole zaidi kwa mwendo uleule, na kwenye tambarare hilo linaokoa mafuta kweli. Sikumuuliza namba. Wala yeye hakuitaja.

Ilifungwa na fundi siku hiyohiyo, kwa yubolti zilezile za zamani zinazoibana ponti kwenye springi. Jioni tukaijaribu kuelekea Gatumba, barabara iliyonyooka na tambarare mpaka mpakani na Kongo. Gari liliteleza kama boti. Tulirudi tunacheka.

Siku ya tatu tukaanza safari ya Gitega. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko juu ya mita 2,000, na kati yake ni kama kilomita 35 tu. Ni ukuta. Mahali tulipozoea kupanda kwa gia ya pili, dereva alilazimika kuingiza ya kwanza, akitoka kwenye kona anajaribu ya pili, injini inakataa, anarudi. Tulipokaribia juu, klachi ilikuwa inanuka. Nilimwambia dereva kwamba pengine ni mzigo. Kwa mara ya pili nilichagua jibu lenye bei ndogo.

Kurudi ndiko kulikotufunza. Tulianza kuteremka kutoka Bugarama saa kumi jioni, barabara imelowa, ukungu mwepesi. Mnaoijua njia ile mnawajua vijana wa baiskeli: wakipanda wanashika nyuma ya malori, wakishuka wanabeba mikungu ya ndizi au magunia ya makaa mpaka mjini, breki yao kubwa ikiwa ni soli ya kiatu. Dereva aliingiza gia ya tatu, gia aliyoshukia miaka yote. Saa ya spidi ilionyesha 50. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na nilihisi miti inapita upesi kuliko inavyopasa, lakini macho yalirudi kwenye saa, na saa ilisema 50.

Saa ile, kwenye Hiace za zamani, inachukua mzunguko wake kwenye gia boksi. Haijui lolote kuhusu ponti. Tulikuwa tunakwenda karibu 60. Injini, ambayo kwenye mteremko ndiyo breki ya kwanza, ilikuwa inalizuia gari kwa nguvu pungufu, kwa hiyo dereva alikanyaga breki kila kona. Na joto la breki halikui sawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka kwa sehemu 19 katika 100, joto la kusimamisha gari linaongezeka kwa sehemu zaidi ya 40.

Kwenye kona ya nne au ya tano pedali ikawa laini. Dereva hakusema neno. Niliona tu mguu wake unashuka mpaka chini. Harufu ya breki zilizoungua ikajaa garini. Akasukuma gia ya pili kwa nguvu, gia boksi ikapiga kelele, gari likapungua lakini halikusimama. Mbele yetu kijana wa baiskeli aliyebeba mikungu mitatu alisikia honi, akaruka. Dereva akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima, likakwaruza, likasimama na bodi imebonyea. Hakuna aliyekufa. Yule kijana alichubuka goti. Baiskeli yake ilikuwa chini ya bampa letu na ndizi zimepondeka barabarani. Alikuwa anaziokota, mikono inamtetemeka, anachagua zilizobaki nzima. Tulimlipa ndizi na baiskeli. Sura yake haijanitoka.

Mzee mmoja fundi, ambaye alinizoea tangu utotoni, ndiye aliyekubali kuliangalia gari. Hakushika spana. Aliomba chaki. Akainua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, akaweka stendi, gia huru, akachora alama kwenye propela na nyingine kwenye tairi. Akaniambia nilishike gurudumu la kushoto lisiende popote, na yeye akalizungusha la kulia mizunguko miwili kamili huku akihesabu propela. Moja, mbili, tatu, nne, na kipande kidogo.

"Mwanangu, mlihesabu meno?"

"Mzee, iliingia bila kukata kitu."

"Kuingia imeingia. Je, imefaa?"

Alifungua, tukahesabu: kraun meno 41, pinioni meno 10. Uwiano wa 4.1. Ponti yetu ya zamani ilikuwa 39 kwa 8. Kwa lugha nyingine, siku tuliyofunga ponti ile tuliondoa karibu moja ya sita ya nguvu ya kuvuta kwenye magurudumu, na hatukumwambia dereva.

Hata wanaobadilisha ponti kwa starehe huhesabu meno: kule Marekani kuna watu wanaounda magari ya zamani ya Ford upya kwa ajili ya mbio na fahari, na ponti wanayoipenda sana ni ile ya Ford iliyoanza kutengenezwa 1957, yenye kraun ya inchi tisa. Nao huanza kwa kupima upana kama tulivyopima sisi, lakini fundi anayejiheshimu haifungi kabla hajajua idadi ya meno na gari litafanya kazi gani. Na lile ni gari la mtu mmoja la kutembelea Jumapili. Letu linapakia watoto wa watu.

Mzee alirudisha hausingi yetu ya zamani, yaani ganda la ponti, ambayo haikuwa imepinda, akatafuta kichwa cha difu cha 39 kwa 8 kutoka Hiace ya dizeli iliyokwisha. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili, na niliyaona mambo ambayo fundi wa kwanza aliyaruka. Aliipaka kraun rangi, akaizungusha, akasoma mahali meno yanapogusana: yanapaswa kugusana katikati, si nchani wala shinani. Aliweka saa ya kupimia kwenye jino, akarekebisha mpaka nafasi kati ya meno ikawa kati ya milimita 0.13 na 0.18, unene wa karatasi moja au mbili. Alikataa yubolti za zamani, kwa sababu zikishakazwa zinavutika na haziwezi tena kushika kwa uhakika. Aliangalia kama kichwa cha senta bolti ya springi kimekaa ndani ya tundu lake kabla hajakaza kitu. Na alinionyesha kipumulio, kijikofia juu ya hausingi kisichozidi ncha ya kidole, kimezibwa kabisa na matope yaliyokauka. Ponti ikipata joto, hewa iliyomo ndani hutanuka. Ikikosa pa kutokea husukuma mafuta yapite kwenye sili. Ponti yetu ya kwanza ilikatika kwa sababu ilikauka mafuta, na ilikauka kwa sababu ya kile kijikofia. Waya na dakika moja vingetosha.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, ukienda kununua ponti beba kipande cha chaki. Iliyolala chini kwenye vumbi inapimwa vilevile: zuia habu moja, zungusha nyingine mara mbili, hesabu upande wa propela. Kibati cha Hiace kina mstari wa AXLE, herufi inaeleza ukubwa wa kraun na namba inaeleza uwiano, lakini kibati kinasema gari lilivyotoka kiwandani, hakisemi aliyelimiliki kabla yako alibadilisha nini. Muuzaji akikuzuia kuhesabu, ondoka. Na ukibadilisha uwiano kwa kujua, mwambie dereva kabla hajaugusa usukani, umwandikie na namba sahihi za spidi.

Ile ponti ya petroli haikuwa na kosa. Mzee aliiandika 41/10 kwa rangi nyeupe kwenye hausingi, tarakimu kubwa, na tukaiuza kwa mtu mwenye gari la njia ya Gatumba. Inafanya kazi mpaka leo.