Waliohama, Waliobaki, na Jina la Bendi

Mwaka jana mshikaji wangu wa zamani alinipigia simu kutoka Ngara. Tulikuwa hatujaongea vizuri kwa miaka mingi, zile salamu za sikukuu tu. Hakuzunguka sana.

"Kaka, tunarekodi upya ule wimbo wetu. Nimepata studio Mwanza. Sasa nakuuliza, niandike nini? Wewe bado unajihesabu uko bendi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia nitampigia baadaye, na hiyo baadaye ikawa wiki tatu. Makala hii imetoka katika wiki hizo tatu.

Nianze na bendi yenyewe, ingawa hakuna msomaji wa ukurasa huu aliyewahi kuisikia. Tulikuwa vijana wanne, mwaka 2006. Magitaa matatu, mojawapo la kuazima kanisani, na dramu ambayo ngozi yake moja ilikuwa imezibwa kwa gundi ya kubandikia matairi. Tulipiga harusi za Ngara mjini, Rulenge, mara moja moja tukashuka mpaka Nyakanazi kule Biharamulo, ambako madereva wa malori ya Rwanda na Burundi ni wasikilizaji wazuri kuliko wageni waalikwa. Umeme ulikuwa wa jenereta. Mafuta yakiisha, wimbo unaishia hapo hapo, bwana harusi anabaki katikati ya uwanja mkono juu.

Mimi niliimba na kuandika maneno. Huyu aliyenipigia simu alipiga solo. Mpiga dramu alikuwa jirani yetu. Mpiga besi alikuwa kijana wa Burundi aliyekulia kambi ya Lukole, amejifunza gitaa humo humo kambini. Kihangaza chetu na Kirundi chake vilielewana bila mkalimani. Kwa kuwa mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, mazoezi tulimfuata sisi, na harusi za mbali tulipiga bila besi.

Kisha tukaondokeana. Miaka ile ya 2007 na 2008 Lukole ilipokuwa ikifungwa, mpiga besi alipanda gari la kurudishwa kwao Burundi. Mwaka 2009 mimi nikaenda Dar es Salaam kusoma chuo kikuu. Miaka michache baadaye mpiga dramu alifariki kwa homa. Mpiga solo akabaki. Akatafuta vijana wengine, jina likaendelea. Leo katika bendi ile kuna mtu mmoja tu wa mwanzo.

Swali lake basi lilikuwa zito kuliko alivyolitamka: je, hiyo bado ni bendi ile ile?

Wanafalsafa wana mfano wao wa siku nyingi. Plutarch alisimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi marikebu ya shujaa wao Theseus. Kila ubao ulipooza waliutoa na kuweka mpya, mpaka watu wakaanza kubishana kama marikebu ni ile au siyo. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi: vipi kama mtu aliziokota zile mbao kuukuu, moja baada ya nyingine, akaziunga tena zikawa marikebu ya pili? Ipi sasa ndiyo ya Theseus?

Kiswahili kinanisaidia hapa, maana kwetu marikebu ni chombo na gitaa ni chombo. Na mfano wa Hobbes, ambao darasani ulionekana mchezo wa watu wasio na kazi, ulitokea kweli hapa Afrika Mashariki, ukiwa na magitaa.

Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walitoka Tanga, wakapitia Jamhuri Jazz ya huko huko. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Nairobi, na huko ikazaliwa Simba Wanyika. Kwa miaka kadhaa ilikuwa moto wa kuotea mbali. Halafu, mwishoni mwa 1978, kundi zima la nyuma likatoka: Omar Shabani wa gitaa la rizimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu, na wengine. Wakamchukua John Ngereza, wakaanzisha Les Wanyika. Wimbo wao Sina Makosa ukapigwa kila mahali na mpaka leo haujazeeka.

Angalia kilichotokea. Ndugu wawili walibaki na jina, nyimbo na historia. Waliotoka waliondoka na mbao: ile rizimu ambayo watu walikuwa wakiichezea bila kujua anayeipiga ni nani. Na nusu ya jina pia walibeba. Baadaye Issa Juma, aliyeimba nao mwanzoni, naye akatoka akaunda Super Wanyika. Kama wewe ulikuwa shabiki wa Nairobi mwaka 1979, ungelipa kiingilio wapi ukitaka Wanyika halisi?

Jibu langu, na najua wapo watakaobisha, ni kwamba swali la "halisi" halina maana kubwa hapo. Simba iliendelea mpaka miaka ya 1990, George akafariki mwishoni mwa 1992 na Wilson mwaka 1995. Les Wanyika nayo ikatupa nyimbo ambazo pengine zisingezaliwa kama wote wangebaki nyumba moja. Mashabiki walipata mbili badala ya moja. Kwa hesabu ya muziki, hakuna aliyedhulumiwa.

Lakini hesabu ya muziki siyo hesabu pekee. Ubao haujui umetolewa. Ubao hauna watoto, haudaiwi kodi ya nyumba, haukuahidi kitu jana usiku. Mtu akitoka, kuna aliyemtegemea. Kwa hiyo tukitumia mfano wa marikebu kwa bendi tunalikwepa jambo lenyewe. Tunauliza "ni ile ile?" wakati tulitakiwa kuuliza "nani anamdai nani?"

Tuwaangalie basi walioitwa wasaliti. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, wenyewe wanaiita Sikinde. Mwaka 1985 Hugo Kisima wa Orchestra Safari Sound akawachota wanamuziki kadhaa wa Sikinde, Gurumo akiwemo, na kundi lake la awali likavunjwa. Baadaye mzee akarudi kwenye bendi yake ya kwanza, ambayo kwa muda huo ilikuwa imebadilisha majina kufuata majina ya chama, kutoka NUTA kwenda JUWATA, kisha OTTU, mpaka Msondo Ngoma. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Vijiweni tulikuwa tukisema: hawa wazee walikuwa na tamaa, wanahama kama wachezaji wa mpira. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo gazetini. Siku hizi sisemi tena. Bendi hizo zilikuwa na mwenye mali, ama chama, ama shirika, ama mfanyabiashara. Vyombo vya kwake, ukumbi wa kwake, na mara nyingi jina la kwake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa asiyemiliki hata waya wa gitaa lake. Alichokuwa nacho ni sauti yake na miguu yake. Kuhama ndiyo ilikuwa njia yake ya kudai nyongeza.

Na uaminifu ulilipa nini? Mwaka 2013, alipotangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani, Gurumo alisema hajawahi kumiliki hata baiskeli. Diamond Platnumz, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akamzawadia gari. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, mzee akafariki. Watu wengi walilisifu gari, na ni haki yao. Mimi nilibaki na fedheha kidogo: deni la wengi limelipwa na mtu mmoja ambaye hata hakuwa mdaiwa.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kuhama ni dhambi. Mtu hana wajibu wa kubaki na njaa ili jina la bendi lishibe. Lakini pia siwezi kukubali ule msemo mwingine wa siku hizi, kwamba kila mtu apambane na hali yake, basi. Hapo ndipo bendi yetu ndogo ya Ngara inaponikaba.

Sisi wanne tuliondokeana kwa njia tatu. Mpiga besi aliondolewa, hakuchagua. Mpiga dramu alichukuliwa na mauti. Mimi peke yangu ndiye niliyehama kwa hiari yangu. Na kusoma siyo kosa, hata mshikaji wangu hajawahi kulisema hilo. Kosa ni kwamba tulikuwa na harusi Jumamosi, Biharamulo, na malipo ya awali yameshaliwa. Mimi niliondoka Alhamisi kwa basi la asubuhi. Sikumwambia. Niliona aibu kuaga, nikajidanganya kwamba nitapiga simu nikifika. Alipanda jukwaani bila mwimbaji, akaimba mwenyewe maneno yangu, yeye ambaye hata sala ya pamoja alikuwa anaikwepa. Hayo nilikuja kuambiwa na watu wengine.

Sasa mwaka jana, aliponiuliza niandikwe vipi, unajua wazo langu la kwanza lilikuwa nini? Lilikuwa sheria. Maneno ni yangu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inanilinda, hawezi kurekodi bila mimi. Na ni kweli. Lakini sheria inajua aliyeandika maneno. Haijui aliyeyabeba miaka kumi na sita, harusi kwa harusi, jenereta kwa jenereta, mpaka wimbo ukawa na watu wanaoudai. Bila yeye, maneno yangu yangekuwa karatasi ndani ya daftari la kidato cha nne, na daftari lenyewe mama alishawashia moto.

Nimefikia hapa, na msomaji anaweza kunisahihisha. Jina la bendi ni la aliyebaki, kwa sababu jina ni kazi inayofanywa kila siku, na aliyeacha kuifanya hana cha kudai. Wimbo ni wa wote waliokuwepo ulipozaliwa, awe amehama, amerudishwa kwao au amekufa, kwa sababu kuondoka kwa mtu hakufuti alichokifanya. Na anayehama ana haki ya kuhama, ila anadaiwa kuaga. Kuaga siyo adabu tu. Kunampa anayebaki nafasi ya kujipanga, atafute mwimbaji mwingine, arudishe pesa ya watu, au hata akutukane uso kwa uso. Anayeondoka kimya anamnyang'anya mwenzake hivyo vyote.

Nilimpigia baada ya wiki tatu. Nikamwambia aandike jina la bendi yake, na chini ya wimbo aandike majina manne. Fungu la marehemu liende kwa mama yake, na tumtafute mpiga besi, maana Burundi siyo mwezini. Kisha nikamwambia samahani kwa ile Jumamosi.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia pikipiki ikipita upande wake.

"Ile harusi walitudai elfu themanini," akasema. "Nililipa mwenyewe."

"Najua. Nitakutumia."

"Usitume. Lipia studio nusu, na uje uimbe. Ila safari hii, kama huji, sema mapema."