Silikoni mpya juu ya kuvu

Ramadhani, siku ya 19.

Swali la leo limeletwa na ndugu yetu mmoja, ni fundi hapa Dar. Mwenye nyumba kamuita, kamuonesha bafu. Silikoni ya chini ya shawa imekuwa nyeusi kwa kuvu. Kamwambia apake mpya juu ya ile ile, mpangaji anaingia Ijumaa. Fundi anauliza: mimi nafanya kazi niliyoambiwa, nalipwa jasho langu, na Idi hiyo inakuja. Kuna dhambi hapo?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana wengi tunaona ni suala la usafi tu. Kuvu inakula mabaki ya sabuni na mafuta ya miili yetu, na inaishi kwa maji yasiyokauka. Ikiwa bado iko juu juu, ukipaka Jik, ukaiacha kidogo ukasuuza, inaondoka. (Tafadhali, Jik msiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka ni sumu, inachoma mapafu.) Lakini ikikaa muda mrefu inazama ndani ya silikoni, au inajificha nyuma yake pale maji yalipopenya. Hapo Jik itang'arisha uso tu, na doa litarudi. Dawa yake ni kuikata silikoni yote kwa wembe, kusugua, kuacha pakauke kabisa, ndipo upake mpya na usiiguse kwa maji siku nzima. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Itabanduka pembeni, maji yataingia katikati, na mchezo unaanza upya.

Kwa hiyo mwenye nyumba hapo hanunui matengenezo. Ananunua wiki chache za weupe, na wiki chache zinatosha kabisa mtu kulipa kodi ya miezi 6 mbele. Huyo mpangaji pengine ana mtoto mwenye pumu.

Mtu atasema, mbona hakuna aliyesema uongo? Kweli, hakuna. Wala yule muuza nafaka wa sokoni Madina hakusema uongo. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya lundo lake, vidole vikakuta unyevu. Yule bwana akajitetea kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini ule wa maji hakuuweka juu watu wauone, kisha akasema maneno mazito kuhusu anayeghushi. Lile lundo lilikuwa linasema "mimi ni mkavu" bila mtu kufungua mdomo. Silikoni nyeupe nayo inasema.

Wengine wana hoja kwamba kila bafu la Pwani lina kuvu, mpangaji anajua. Sawa, kama anajua, tunamfichia nini?

Hoja inayonishughulisha zaidi ni hii: si tumefundishwa kusitiri aibu? Ndiyo, na ni jambo kubwa. Lakini tazama nani anabeba madhara. Aibu iliyo kati yangu na Mola wangu, ukiisitiri, hakuna anayeumia. Aibu ya kitu ninachokukodisha, nikiisitiri, unaibeba wewe, tena umeilipia. Ndiyo maana wanazuoni wa fiqhi wakaweka hiyari ya aibu: aliyepokea kitu chenye kasoro iliyofichwa ana haki ya kukirudisha. Na hayo yanamhusu pia mpangaji anayehama akificha alichoharibu.

Sasa fundi. Mzigo mkubwa ni wa mwenye nyumba, hilo sina shaka nalo, na sipendi tabia yetu ya kumkamia mwenye njaa tukamwacha mwenye nyumba nne. Hata hivyo mkono unaofunika ni wake, na yeye ndiye pekee katika hadithi hii anayejua kuna nini chini. "Nisipofanya mimi atafanya mwingine" inaweza kuwa kweli, ila haibadilishi ni nani aliyefanya.

Lakini angalia, silikoni juu ya silikoni si haramu yenyewe. Mpangaji akiambiwa, "hapa pamefunikwa tu, patarudi, nakupunguzia kodi," naye akaridhia, basi wamekubaliana na fundi apake kwa moyo mweupe. Kosa liko kwenye kutojua kwa yule anayelipa.

Fundi amerudi kwa mwenye nyumba na bei mbili: ya kukata yote, na ya kufunika kwa sharti kwamba mpangaji aambiwe. Mpaka Alasiri ya leo alikuwa hajajibiwa. Mwenye bafu la kutengenezwa kabla ya Idi aulize baada ya Tarawehe, huwa anakaa safu ya nyuma karibu na mlango wa udhu.